Breki kwa Hatua

Nilipokuwa nikijifunza udereva, alama za barabarani hazikunisumbua. Nilianza na maumbo, michoro ikafuata: pembetatu iliyosimama huonya, duara lenye ukingo mwekundu hukataza, duara la buluu huamuru. Alama ya kusimama ina pembe nane, ya kupisha ni pembetatu iliyopinduliwa, hivyo hata zikipakwa tope unazitambua. Aliyebuni hayo alifikiri vizuri.

Kilichonitoa jasho ni ukurasa wa umbali wa kusimama. Jedwali tupu, mwendo huku, mita kule, tukaambiwa tukariri. Benchi moja nami alikaa mama mmoja mwenye wajukuu, aliyeamua kwamba sasa ni zamu yake kushika usukani. Jioni moja mtihani ukiwa umekaribia, alifunga kitabu.

"Mwanangu, namba hizi hazikai kichwani. Nionyeshe kwa miguu."

Tukaenda uwanja wa mpira. Tulianzia mstari wa goli, hatua moja ndefu tukiihesabu mita moja. Gari likienda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva aliye macho anaweza kutumia sekunde nzima kuona, kushtuka na kuhamisha mguu. Mama akapiga hatua 14.

"Hapa ndiyo kwanza nakanyaga breki?"

"Ndiyo kwanza, mama."

Akaongeza 14 nyingine, za breki zenyewe kwenye lami kavu na tairi nzima. Akasimama, karibu mita 28 kutoka golini. Akaona si mbaya.

Tukarudi kuanza upya, safari hii kwa kilomita 100. Yeye alitarajia kila kitu kizidi mara mbili. Hatua za kushtuka kweli zilifika 28. Za breki, nikamwambia, huzidi mara nne, kwa sababu nguvu ya mwendo ambayo breki lazima ziimalize huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Akanitazama kama tapeli, kisha akaondoka akihesabu kwa sauti. Nilibaki golini nikimwona anavuka katikati ya uwanja, anaendelea, anaendelea. Hatua ya 84 ilimkuta anakaribia kumi na nane ya goli la pili.

"Na mvua ikinyesha?" akapaza sauti.

"Breki zinaweza kuhitaji mara mbili ya hapo!"

Akageuka kutazama nyuma ya goli lile. "Basi mimi niko vichakani!"

Kanuni ya kukaa sekunde mbili nyuma ya gari la mbele haikuhitaji maelezo tena. Mvua ikiwapo, alisema mwenyewe, nne.

Siku ya mtihani swali la umbali wa kusimama halikutokea. Yalikuja ya mizunguko, ya mstari usiokatika na ya nani apishe nani njia panda. Mama alimaliza kabla yangu, nikamkuta nje amekasirika.

"Wametuonea. Lile letu mbona hawakuliuliza?"

Tulifaulu wote wawili, yeye akinizidi alama.