Kifuko cha Sufi

Mama alirudi kutoka hospitali mwanzoni mwa mwaka 2010 akiwa amekatwa ziwa la kushoto, nasi sote nyumbani tukasema ni malaria. Hakuna aliyetuamuru. Ndivyo tulivyolelewa pale Tanga: ugonjwa ule hautajwi, hunong'onwa tu, tena kwa jina la ugonjwa mwingine.

Kidonda kilipokauka alikaa kwenye cherehani yake, akashona kifuko cha bafta, akakijaza sufi na kukipachika ndani ya sidiria. Alikuwa fundi hodari, akisimama usingejua. Lakini sufi ni nyepesi mno. Kila alipoinua mkono kifuko kilipanda kuelekea shingoni, naye akakishusha kwa kiganja, upesi, kama anayefukuza inzi.

Nilikuwa na kitabu cha Audre Lorde, The Cancer Journals, nilichokinunua mtumba nikiwa masomoni New York. Kurasa zake zilikuwa zimepigiwa mistari kwa kalamu za rangi tatu, na wanawake nisiowajua, nadhani. Lorde, mshairi Mweusi mzaliwa wa Harlem, alikatwa ziwa mwaka 1978 akiwa na miaka 44. Usiku mmoja umeme ulikatika. Nikawasha kandili, nikaanza kumtafsiria mama.

Nikafika pale Lorde anapoletewa hospitalini ziwa la bandia la sufu ya kondoo, la rangi ya waridi iliyopauka, lisilofanana hata kidogo na ngozi yake. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Kisha muuguzi anamlaumu kwa kuja kliniki bila kulivaa, eti anawavunja wengine moyo. Lorde anamkumbuka Moshe Dayan, yule jenerali wa Israel, na kile kitambaa cheusi jichoni: mbona hakuna anayemwambia akavae jicho la kioo?

Safari hii mama hakucheka. "Yule alipigana vita," akasema. Akanyamaza. "Na mimi je?"

Ndani ya kitabu imo pia hotuba Lorde aliyoitoa Chicago mwaka 1977. Nilipomsomea kwamba kimya chako hakitakulinda, alinipinga palepale. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu."

Sikubishana naye. Mshindo wenyewe ulikuja Ijumaa.

Alikuwa uani anachambua mchele, hakuvaa kifuko, gauni limelala upande mmoja. Jirani yetu akaja, akakaa kumsaidia.

"Shoga, malaria gani hii isiyokwisha?"

"Si malaria. Ni saratani. Wamenikata ziwa."

Nilikuwa mlangoni nimeshika ndoo, nikashindwa hata kuitua. Jirani akainamia ungo. Alikaa muda mrefu anatafuta chuya zilizokwisha kutolewa. Ndipo akauliza, kwa sauti ndogo sana:

"Lako lilianza na maumivu, au kivimbe tu?"

Mama akaweka ungo chini, akamshika mkono.

"Njoo ndani."