Nilivyopanda Kutoka Kilomita 10 Hadi Marathoni kwa Kukimbia Polepole

Mtu anayemaliza kilomita 10 bila taabu huamini kwamba kilichobaki kati yake na nusu marathoni, na hatimaye marathoni yenyewe ya kilomita 42.195, ni kuongeza bidii na kasi. Mimi nimefika huko kwa njia nyingine: nilipunguza kasi ya mazoezi kwa makusudi, kwa miezi mingi, hata pale miguu ilipokuwa inataka kwenda mbio. Ninawaandikia wakimbiaji wa kawaida, wenye kazi, watoto na foleni za barabarani, ambao hawana kambi ya mazoezi wala mfadhili, lakini wangependa siku moja kumaliza kilomita 42 wakiwa wazima.

Nilianza katika kikundi cha jogging cha mtaani kwetu Sinza. Wenyeji wa Dar es Salaam wanavijua vikundi hivi: alfajiri ya mwisho wa juma utawakuta watu wa rika zote wamevaa fulana za rangi moja, wanakimbia kwa kuimba na kupiga makofi, mbele yao akiwapo kiongozi mwenye filimbi na nyuma yao pikipiki inayowakinga na magari. Ninavithamini sana vikundi hivi, na si kwa sababu ya undugu wake tu. Mtu anayekimbia huku anaitikia wimbo analazimika kwenda kwa mwendo ambao pumzi yake inauruhusu, na mwendo huo wa nyimbo ndio ambao wataalamu wa mbio ndefu huutaka uchukue sehemu kubwa ya mazoezi ya juma zima. Tulikuwa tunaufanya bila kuupa jina.

Katika kikundi chetu alikuwapo mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, ambaye sote tulimwita Afande. Historia ya riadha ya nchi yetu imeshikamana mno na jeshi. Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, alikuwa mwanajeshi, na Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, naye ni mwanajeshi. Nilipomweleza Afande kwamba ningependa kukimbia kilomita 21, aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, ukikimbia, unaweza kunisimulia habari za nyumbani kwako bila kukatisha sentensi?” Nikamjibu kwamba kwa kilomita mbili za mwanzo naweza. “Basi rudi ukakimbie mpaka uweze kunisimulia kwa saa nzima. Ukifika hapo, njoo tuzungumze habari za 21.”

Agizo hilo lilikuwa na sababu zake za kimwili, ambazo nilizielewa vizuri zaidi baadaye. Moyo na mapafu huzoea mazoezi haraka, kwa muda wa majuma machache tu, lakini mifupa na kano, hasa kano ya kisigino, huhitaji miezi ili ziimarike. Hapo ndipo wengi huumia: pumzi inakuwa imekwisha kukubali, mkimbiaji anajiona yuko tayari, naye anaongeza umbali na kasi kwa pamoja, kumbe ugoko na kisigino bado havijawa tayari kubeba mzigo huo. Mwendo wa polepole huyapa maungo muda wa kuufikia moyo. Aidha, huufundisha mwili kutumia mafuta yake kama nishati, jambo ambalo lina uzito mkubwa kila umbali unapozidi nusu marathoni.

Utaratibu niliopewa ulikuwa mwepesi kuuelewa. Katikati ya juma nilikimbia mara chache, kilomita tano hadi nane, zote kwa mwendo wa mazungumzo isipokuwa siku moja, ambayo ilikuwa ya kasi au ya mlima. Mwisho wa juma nilikuwa na mbio moja ndefu, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaongezwa kilomita moja au mbili kwa wakati. Kila baada ya majuma matatu ya kuongeza, juma la nne tulirudi nyuma na kupunguza umbali ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Juma hilo la kupunguza ndilo ambalo wakimbiaji wa ridhaa hulidharau kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo lililonifanya nifike kwenye mstari wa kuanzia bila jeraha. Nilipoweza kukimbia kilomita 18 za mazoezi na kesho yake nikaenda kazini nikitembea kama kawaida, Afande alisema niko tayari kwa 21. Nusu marathoni yangu ya kwanza niliikimbia hapa hapa Dar es Salaam, mwezi wa Agosti, wakati hali ya hewa ya jiji inakuwa na unafuu, na nikaimaliza nikiwa na nguvu ya kutosha kupanda daladala nikiwa nimesimama.

Sikukimbilia 42 baada ya hapo. Nilikaa kwenye umbali wa 21 kwa zaidi ya mwaka, na huo ndio ushauri ambao ningeutoa kwa sauti kubwa kuliko mwingine wowote. Tofauti ya 21 na 42 haiko katika kuzidisha kwa mbili. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na ini, na akiba hiyo, kwa watu wengi, huelekea kwisha mnamo kilomita ya 30. Mtu anaweza kukimbia nusu marathoni kwa akiba hiyo peke yake, hata kama hakula chochote njiani. Katika marathoni asiyekula njiani na aliyeanza kwa kasi kubwa huishiwa nguvu ghafla, miguu ikawa mizito, akili ikataka kusimama. Kwa hiyo, kujiandaa kwa 42 ni pamoja na kulizoeza tumbo kupokea chakula wakati miguu inafanya kazi. Mimi nilitumia ndizi mbivu na tende, ambazo nilizifunga kwenye mfuko mdogo wa plastiki nikauweka kwenye mkanda wa kiunoni, na kila baada ya dakika 40 hivi nilikula kidogo kabla sijahisi njaa. Tende inataka itolewe kokwa nyumbani na ikatwe vipande viwili. Kutafuna tende nzima huku unahema ni kazi ngumu.

Mbio nilizozichagua zilikuwa za Moshi, Kilimanjaro Marathon, ambazo hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam tarehe hiyo ina ugumu wake, kwa kuwa mbio ndefu kuliko zote za maandalizi huangukia Desemba na Januari, wakati kaskazi inavuma na joto la pwani limepamba moto. Hewa ya pwani ina unyevunyevu mwingi, jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka haliupoozi mwili. Moyo hudunda kwa kasi zaidi kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana katika miezi hiyo niliacha kabisa kuitazama saa na nikaifuata pumzi peke yake, nikikubali kwamba kilomita niliyoikimbia kwa dakika saba mwezi Julai ingechukua dakika nane mwezi Januari kwa juhudi ile ile.

Tulianza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa mimi ni mwanamke sikukubali kukimbia gizani peke yangu hata siku moja. Dada wawili wa kikundi chetu walikuwa wanajiandaa kwa nusu marathoni ya Moshi. Tulipanga njia zetu kwa mizunguko, kiasi kwamba wao waliweza kumaliza kwao nami nikaendelea kukiwa kumekwisha kupambazuka. Tulikimbia kutoka Sinza kwenda Mwenge, tukashika barabara ya Bagamoyo hadi Morocco, tukaingia Kinondoni na kutokea ufukweni Coco Beach, na mara nyingine tukavuka Daraja la Tanzanite ili tupate upepo wa bahari.

Suala la maji lilitaka uangalifu. Anayetoka jasho saa tatu mfululizo hupoteza chumvi pamoja na maji, na akinywa maji matupu kwa wingi huizimua chumvi iliyobaki katika damu, hali ambayo inaweza kuwa ya hatari kwa maisha. Nilinunua pakiti za ORS katika duka la dawa, zile zile wanazopewa watoto wenye kuharisha, nikachanganya pakiti moja katika lita moja ya maji kama maelekezo yanavyosema, nikagawa katika chupa mbili ndogo. Nilikunywa nilipohisi kiu, mafunda machache kwa wakati. Sehemu zinazosuguana, kwapani na mapajani, nilizipaka mafuta ya mgando kabla ya kutoka, kwani mchubuko usioonekana katika kilomita 10 huwa kidonda katika kilomita 30.

Raba zangu nilizinunua za mtumba, katika soko la Karume, na sioni aibu kuwashauri wengine wafanye hivyo endapo watakagua vizuri. Kinachotazamwa ni soli ya kati, ile sponji iliyo kati ya raba ya chini na mguu: ibonyeze kwa kidole gumba pale kisigino kinapokaa, na ikiwa ni ngumu kama kibao au ina mikunjo isiyorudi, iache hata kama juu yake inang’aa. Kiatu kiwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kwa sababu mguu huvimba ukikimbia kwa muda mrefu.

Lakini kilichonipa hofu zaidi kuhusu Moshi kilikuwa mlima. Njia ya marathoni huanzia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 800, na sehemu ya kwanza huelekea barabara kuu ya Dar es Salaam na kurudi, ambapo ni tambarare. Halafu, wakati miguu imekwisha kula takriban nusu ya safari, njia hupita mjini na kuanza kupanda kuelekea Mweka, kilomita baada ya kilomita, katikati ya migomba na kahawa. Kwa hiyo ile siku yangu moja ya katikati ya juma niliipeleka Mlimani, nikikimbia kutoka barabara ya Sam Nujoma kupanda hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikishuka kwa kutembea na kupanda tena, hatua fupi, mikono ikifanya kazi, macho yakitazama mita chache mbele. Mbio yangu ndefu kabisa ya mazoezi ilikuwa ya kilomita 32, na baada yake nikapunguza umbali kwa majuma matatu mpaka siku yenyewe.

Asubuhi ile Kibo kilionekana wazi kabla mawingu hayajakifunika. Nilianza nikiwa miongoni mwa watu wa nyuma kabisa, na katika barabara ya Dar es Salaam walinipita watu wengi, wengine wakiwa na umri mkubwa kunizidi, nami nikaendelea kukimbia kwa mwendo wa kikundi chetu, nikiimba kimoyomoyo ili nisivutwe nao. Kwenye mpando wa Mweka nilianza kuwakuta, wengi wao wakitembea. Nilitembea na mimi kwenye vituo vya maji, nikanywa na kula tende zangu, kisha nikarudi kwenye hatua fupi. Tulipogeuza, tukiwa tumeshapita kilomita ya 30, mteremko uliobaki ulinikuta nikiwa bado naweza kumuuliza jirani yangu ametokea wapi, naye akanijibu kwamba ametoka Babati na kwamba hii ni mara yake ya tatu.

Mwendo wa aina hii si wa wanyonge peke yao. Katika mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025, Simbu alikaa ndani ya kundi la mbele hadi uwanjani, akamshinda Amanal Petros wa Ujerumani katika hatua za mwisho kabisa, wote wawili wakiandikiwa saa 2:09:48. Kasi yake na yangu haziwezi kutajwa pamoja, lakini kuhifadhi nguvu kwa ajili ya sehemu ya mwisho ni kule kule.

Kwa sasa nimerudi kwenye 21, kwa mpango. Afande anataka nikae hapo mpaka Agosti, niongeze siku moja ya Mlimani kila juma, ndipo tuanze tena kuhesabu kuelekea Februari. Dada zangu wawili wa alfajiri wamekwisha kuomba nafasi katika mazoezi ya 42, nao wameanza na saa nzima ya kusimuliana habari za nyumbani.