Mpagazi chini ya mabati: kumbukumbu ya mazoezi, masika ya Moshi

Aprili, wiki ya kwanza

Masika yameshuka kweli. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unakutana na Mlima Kilimanjaro, unapanda, unapoa, na maji yote yanamwagika upande huu wetu wa kusini. Mimi mtoto wa Mombasa naona bahari ya kwetu imenifuata hadi Moshi.

Mazoezi tunafanyia kwenye ghala la zamani la kahawa, karibu na reli. Bati tupu, dari hakuna. Mchezo ni wa mtu mmoja na nimeuandika mwenyewe: mpagazi wa Mombasa, mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Machi mwaka ule Waingereza waliingia Moshi, na mara masika yakawakuta. Njia zikageuka tope, magari yakakwama, mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Wapagazi hao jeshi liliwaita Carrier Corps, midomo ya watu ikatengeneza Kariakoo. Jina la soko la Dar es Salaam tunalitaja kila siku, lakini wenye jina hilo hawatajwi. Ndiyo sababu nauandika mchezo huu.

Kitovu chake ni sentensi moja. Mpagazi amemhifadhi mwenzake aliyetoroka kambini, na miaka mingi baadaye anakiri: "Nilimficha chini ya magunia ya mchele."

Aprili, wiki ya pili

Mama mwenye nyumba alikuja ghalani jioni na chupa ya mtori, akakaa mstari wa nyuma. Mvua ilikuwa ya wastani tu. Nilipomaliza nikamwendea.

"Shikamoo, mama. Umeonaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mbona umemuua mwenzio?"

"Sijamuua, mama."

"Si umesema ulimfisha?"

Nilikaa chini. Ficha na fisha! Mvua ya bati inavuma sauti ileile ya *sh*, kwa hiyo *s*, *sh*, *f* na *ch* zote zinazama humo. Irabu zinapona, na Kiswahili kimejaa irabu, basi hadhira inasikia wimbo wa sentensi bila kujua nani kafanya nini. Mtu aliyeokoa roho anatoka ukumbini akiwa muuaji.

Aprili, wiki ya tatu

Fundi wa mabati alipanda juu kuangalia. Akaniambia, "Mangi, bati lenyewe jembamba, na huku misumari imelegea, lazima lipige kelele." Akakaza palipocheza. Niliazima magunia 40 ya kahawa, tukayafunga kwenye kenchi siku mbili nzima. Mwangwi ulipungua sana, kishindo cha mvua kikabaki palepale.

Nikajaribu kupaza sauti. Siku ya tatu koo likakauka, na asubuhi yake nilikuwa na matangazo ya kurekodi, ndiyo yanayonilipia kodi. Nilirekodi kwa shida. Nimeacha kupayuka.

Usiku wa Alhamisi radi ilipiga, umeme ukakatika mtaa mzima hadi alfajiri. Shuka la mpagazi nililolifua Jumatatu lilikuwa bado bichi. Nikaazima pasi ya mkaa kwa jirani, nikalinyoosha kwa mwanga wa simu huku mvuke ukinipanda usoni. Hapo ndipo nilipompigia simu dada yangu Mombasa, tukaongea kama tunavyoongea nyumbani. Akaniuliza, "Waifitani sauti yako?" Nilikuwa nanong'ona kwa sababu jirani amelala. Waifitani, unaificha nini.

Niliiweka chini pasi.

Nilipohamia hapa miaka mitatu iliyopita, studio ya kwanza niliyosomea matangazo ilinitaka niondoe upwani mdomoni. Nikauondoa, nilihitaji kazi. Mato yakawa macho, tini ikawa chini, mtele ukawa mchele, na mpagazi wangu nikamwandikia maneno ya tangazo. Lakini yeye ni Mmvita, mtu wa Mombasa yenyewe! Kinywani mwake sentensi ile ni hii:

"Nalimfita tini ya magunia ya mtele."

*Ch* tatu zimeondoka, *t* tatu zimeingia. *T* haivumi, ulimi unagonga na kuachia, kama kidole juu ya meza.

Aprili, wiki ya nne

Nimepitia andiko lote. Si kila *ch* hugeuka. Chakula kinabaki chakula, chake kinabaki chake. Nasoma kwa sauti, pale sikio langu la utotoni linapokataa nafuta.

Hofu yangu ilikuwa watu wa Moshi wasielewe. Kwa hiyo kabla ya sentensi nafunua gunia polepole, naweka mkono wazi juu yake kama mtu anayemtuliza mtoto usingizini, ndipo naitamka.

Jumamosi mvua ilipiga kubwa kuliko zote. Mama alikuja na gambuti na mwavuli, akakaa palepale nyuma. Nilisema sentensi mara moja, bila kuipaza. Akanyamaza. Mwishoni akaniita:

"Mombasa, kufita ndiyo nini?"

Sikumjibu. Aliliangalia lile gunia pale jukwaani.

"Aa," akasema. "Umemficha."

Kesho naingia sehemu ya kuvuka mto. Humo *s* na *sh* zimejaa, na *t* haitanisaidia.