Mataruma ya Chuma Bustanini Kew

Kutoka katikati ya London nilipanda treni ya District hadi stesheni ya Kew Gardens. Wengi huingia bustanini humo kwa ajili ya maua na miti. Mimi nilifuata paa.

Palm House, nyumba ya vioo ya kukuzia michikichi na mimea mingine ya nchi za joto, ilijengwa kati ya 1844 na 1848. Waliohusika ni msanifu Decimus Burton na fundi chuma wa Dublin, Richard Turner, na ubishi wa nani astahili sifa zaidi haujaisha. Nilipokwisha kuinua shingo hadi ikauma, kura yangu nilimpa Turner. Yeye ndiye aliyeleta matao ya chuma cha kufua, kwa ufundi uliotoka kwenye mihimili ya sitaha za meli, badala ya kutegemea chuma cha kalibu, ambacho ni kizito na huvunjika ghafla kikielemewa. Nguzo zikapungua, ukumbi wa kati ukabaki wazi, michikichi ikapata pa kurefukia. Aliyewahi kuona jahazi likiundwa Lamu hahitaji maelezo: lipindue kabla halijapigwa mbao, mataruma yale, yaani mbavu zake, ndiyo paa hili.

Kilichonishika zaidi ni kitu ambacho wageni hawakitazami. Kati ya tao na tao yamepita mabomba membamba, na ndani yake mna fito za chuma zilizokazwa ili matao yavutane na kusimama imara. Ndiyo maana jengo lenye urefu wa mita 110 hivi, lenye vioo kama 16,000, linaonekana halina uzito.

Nikapanda ngazi ya kuzunguka hadi roshani ya juu. Miwani ikaingia ukungu, shati likalowa. Unyevu huohuo unaostawisha mimea ndio unaokula chuma. Mwaka 1984 ilibidi nyumba ihamishwe mimea yote, ikafumuliwa na kukarabatiwa hadi 1988.

Nje, mbali kidogo, kuna mnara mrefu wa matofali ambao ungedhani ni wa kanisa la Italia. Kumbe ni dohani! Moshi wa matanuri ya kupasha joto Palm House, yaliyokuwa chini ya sakafu yake, ulipitishwa handakini hadi huko, usije ukachafua mandhari.

Temperate House, nyumba nyingine ya vioo ya mimea isiyohitaji joto kali, nayo kazi ya Burton, ni kubwa karibu mara mbili. Nilizunguka humo haraka haraka. Mawe mengi mno kwa ladha yangu.