Kwani hiyo gesi yenyewe inajua?

Ubarikio wa Eliya umepita salama, mkataba wangu chuoni umeongezwa, na Mama karudi kutoka kliniki ya macho na habari njema. Namshukuru Mungu kwa yote. Lakini kilichonikaa kichwani wiki nzima ni swali la Baba mdogo, pale chini ya turubai, sahani ya machalari mkononi.

Mnamjua. Mpima ardhi mstaafu, bikoni za huku kwetu Old Moshi nyingi kazigonga yeye. Aliniuliza nafanya nini siku hizi, na alitaka kujua kweli. Nikamwambia kuna namba moja ya heliamu: iliyopimwa angani ni −0.0127, sisi wa hesabu tunapata karibu −0.015, na hazipatani. Akatafuna, akafikiri, akasema: "Mwanangu, hiyo si desimali ya tatu? Sisi uwandani tungeandika 'ndani ya kosa linaloruhusiwa' tukafunga kitabu. Kwani hiyo gesi yenyewe inajua?" Nikafungua mdomo nijibu, MC akawaita ndugu wa upande wa baba kwenye keki.

Kwani inajua. Nimelisikia tena kwenye daladala, nimelisikia nikisahihisha mitihani. Limenichoma kwa sababu kwenye vipimo Baba mdogo habahatishi.

Basi nianze na kosa linaloruhusiwa, maana hiyo ni lugha yake. Heliamu ukiipoza hadi kelvini 2.17 hivi, yaani karibu nyuzi 271 chini ya sifuri, inaanza kutiririka bila mnato wowote, hata kwenye mianya ambayo kimiminika cha kawaida hakipiti. Badiliko hilo ndilo tunaliita mpito. Kapitsa kule Moscow, na Allen na Misener kule Cambridge, walitangaza hivyo Januari 1938. Ukichora joto mahususi (joto linalohitajika kuipandisha heliamu nyuzi moja) dhidi ya halijoto, mchoro unapanda kama herufi lambda ya Kigiriki, na kipeo kiitwacho alfa ndicho kinachosema unapandaje karibu kabisa na kilele. Shida ya kukipima hapa duniani ni uzito wa heliamu yenyewe: chini ya chombo shinikizo ni kubwa kuliko juu, na halijoto ya mpito inahama kwa zaidi ya mikrokelvini moja kwa kila sentimita ya kina. Sehemu ya chini na ya juu hazivuki pamoja, na kilele kinafifia. Ndiyo maana Oktoba 1992 kipimo kilipandishwa angani kwa chombo cha safari za anga, Columbia, kikakaribia mpito kwa nanokelvini chache tu. Uchambuzi wa mwisho wa Lipa na wenzake ulitoka 2003: −0.0127, kosa 0.0003.

Hapo ndipo jibu la kwanza lilipo, Baba mdogo. Kosa linaloruhusiwa ni 0.0003, na sisi tumepishana karibu mara nane ya hiyo. Bikoni ikihama mara nane ya kosa lako, hufungi kitabu. Unarudi uwandani.

Upande wa hesabu nao hauruhusu ulegevu. Njia ya wanafizikia Wilson na Fisher ya 1972 inaanzia kwenye anga ya kufikirika yenye dimensheni 4 na kushuka kuelekea 3, yaani urefu, upana na kina. Kwa heliamu, kipeo kingine kiitwacho nu, ambacho alfa inapatikana kutoka kwake, kinaanza 0.5, hatua ya kwanza inakifikisha 0.6, ya pili 0.655. Anayeanza hufurahi akidhani atatua taratibu kwenye 0.67. Hatui: mfululizo huo hautulii, mbele huko visehemu vyake vinavimba, na bila kuujumlisha upya kwa mbinu ya kihisabati iitwayo ya Borel unakupotosha. Njia yetu sisi ni gridi ya mishale ndani ya kompyuta, kila nukta mshale mmoja unaozunguka kwenye duara, nguvu ya kuunganisha majirani ikiwekwa karibu na 0.45416, pale mpito unapotokea. Ukigeuza mshale mmojammoja, karibu na mpito kompyuta inakwama, kwa kuwa muda wa kusahau mpangilio wa zamani unakua takriban kwa mraba wa upana wa gridi. Kwa hiyo unageuza kundi zima kwa mbinu ya Wolff ya 1989. Na kizalishi cha namba nasibu, yaani programu inayotoa namba za bahati za kuamulia mishale ipi igeuzwe, ukichague kwa uangalifu: 1992 Ferrenberg na wenzake walionyesha kwamba mbinu hiyohiyo, ikipewa kizalishi kilichosifiwa sana wakati ule, inatoa majibu yasiyo sahihi.

Halafu kuna udogo wa gridi. Masahihisho, yaani makosa yanayoletwa na udogo huo, yanapungua kwa kipeo cha 0.79 tu, kwa hiyo ukiongeza upana maradufu kosa halifiki hata nusu kupungua, ilhali nukta za kukokotoa zimekuwa mara nane. Mtafiti Hasenbusch alilizunguka hilo kwa kuchagua modeli ambayo sahihisho kubwa linafutika, na 2019 akapata nu 0.67169, kosa 0.00007. Mwaka huohuo kundi jingine, lisilotumia mishale wala namba nasibu, masharti ya ulinganifu matupu, likapata 0.67175. Alfa ni 2 ukitoa nu mara tatu. Njia mbili zisizochangia chochote zimekutana, na heliamu ya angani imesimama pembeni.

Mimi nashuku hatua ya kuchambua data, siyo chombo. Alfa ikiwa karibu na sifuri, mlinganyo wa joto mahususi una visehemu viwili vikubwa vinavyofutana, kwa hiyo ukibadilisha kidogo masafa ya data unayoiingiza, alfa inasogea. Kipimo kirudiwe. Natamani sana kirudiwe nikiwa hai.

Haya yote nilikuwa nimeyapanga kumwambia. Alhamisi jioni, nikipanda kutoka Kiborloni, ndipo nikaona kwamba swali lake lilikuwa na kina kuliko majibu yangu yote. Inajua? Haijui! Kadiri halijoto inavyokaribia mpito, atomi zinaanza kufuatana kwa umbali mkubwa zaidi na zaidi, mpaka uzito wa atomi, nguvu zinazozivuta na kipenyo chake vyote havina neno tena kwenye kipeo. Yanabaki mambo mawili: anga ina dimensheni tatu, na awamu ya wimbi la heliamu (mahali wimbi lilipo kwenye mzunguko wake) inazunguka kwenye duara. Mishale yangu nayo ina hayo mawili na hakuna zaidi, ndiyo sababu namba lazima ziwe zilezile mpaka desimali ya mwisho. Nadharia haikuacha nafasi ya "takriban". Uga wa Higgs, unaozipa chembe za msingi uzito wao, na ambao chembe yake ilitangazwa kwenye maabara ya CERN Julai 2012, ni wa ukoo huohuo wa milinganyo, ila una vijenzi vinne badala ya viwili. Na mwanafizikia Zurek alipendekeza 1985 kwamba heliamu itumike kujaribu wazo la mwenzake Kibble kuhusu makovu ambayo mabadiliko ya hali yaliuachia ulimwengu ulipokuwa mchanga. Tukishindwa kupatanisha heliamu na mishale, mimi sijui kwa nini mtu atuamini huko kwingine.

Nikampigia simu palepale barabarani, nikamweleza yote, pikipiki zinapita. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kitu kimoja tu: "Na huko angani waliweka vituo vingapi vya kuhakiki?" Jumapili naenda kwake na michoro.

Ng'ombe wa Mama hacheui tangu jana na maziwa ya asubuhi hayakufika hata lita mbili. Nimebadilisha majani, nimempa maji ya chumvi. Daktari wa mifugo yuko Kibosho, na simu yake haipatikani.