Mbio za asubuhi Hell's Gate, Naivasha

Lango la Elsa tulilifikia saa kumi na mbili kasorobo, giza bado limeshika vichaka. Matatu ya barabara ya kusini mwa ziwa ilitushusha njia panda, tukapanda kwa miguu kilomita 2 hivi. Kipande hicho kinatosha kupasha misuli moto. Ada ya kuingia hulipwa kwa simu, na ni heri kuimaliza jana yake, kwani dakika ishirini zikipotea langoni, zilizopotea ni zile ambazo wanyama wangali barabarani. Maji tulibeba lita moja na nusu kila mtu, kwenye chupa za bati. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020.

Hifadhi hii ya kilomita za mraba 68, iliyotengwa mwaka 1984, ni miongoni mwa chache nchini Kenya zinazomruhusu mgeni kutembea na kuendesha baiskeli bila gari. Iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Mombasa akianza kwa kasi aliyoizoea ufukweni, pumzi itamkatikia kabla ya kilomita ya tatu. Kilomita 2 za mwanzo kimbia ukiweza kuongea sentensi nzima bila kuhema.

Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba ya mita 25, hauko mbali na lango. Hapo tulisimama makusudi. Pimbi walikuwa wakitoka mmoja mmoja kwenye nyufa na kujilaza kifudifudi juu ya jiwe, ubavu ukielekea jua. Mwili wa pimbi hauhifadhi joto vizuri, kwa hiyo bila kuota jua asubuhi haendi kula. Ukimtazama kwa karibu utaona nyayo zake hazina manyoya. Ni nyama laini yenye unyevu inayoganda kwenye mwamba wima. Ghafla mmoja alipiga mluzi mkali, na kabla hatujainua macho jiwe lilikuwa tupu. Tai mweusi alipita juu, na chakula chake kikuu ni pimbi. Michirizi myeupe inayoonekana kwenye magenge ni mikojo ya pimbi na vinyesi vya tumbusu, ndege wala mizoga.

Baada ya mnara bonde hufunguka: pundamilia, swala tomi, kongoni, ngiri na mkia wima kama mlingoti. Wakimbiaji wengi hukosea hapa. Wanyama wakiwa barabarani, huwakimbilia moja kwa moja, kundi zima likatoweka. Ukifika mita 80 hivi, punguza mwendo utembee, pita kwa mshazari kama mtu mwenye safari zake, wala usiwakazie macho. Pundamilia watasogea hatua kumi na kuendelea kula.

Nyati ni habari nyingine. Dume mzee aliyejitenga hupenda kulala ndani ya leleshwa, kichaka chenye majani ya kijani juu na meupe chini, yanayonukia kafuri ukiyafikicha. Kichaka hicho kikibana barabara pande zote mbili, acha kukimbia, ongea kwa sauti, na utoe vipokea sauti masikioni. Nyati anayeshtushwa kwa karibu ndiye anayeshambulia. Kinyesi kikiwa bado kinang'aa unyevu, geuza.

Barabara yenyewe ni majivu ya volkano: vumbi jepesi linaloteleza, na mawimbi ya magurudumu yanayochosha vifundo. Kimbilia ukingoni penye nyasi fupi. Vipande vyeusi vya kioo cha volkano vina makali ya wembe, kwa hiyo soli nyembamba haifai.

Kilomita ya 8 hivi hutokea korongo la Ol Njorowa, na mvuke wa visima vya umeme wa jotoardhi vya Olkaria ukipanda kwa mbali. Mule ndani hatukuingia. Mvua ikinyesha mbali, maji huja huku juu yako pana jua. Mwaka 2019 watu saba walikufa humo kwa mafuriko ya ghafla. Pale juu nyani hunyakua chochote kilichofunguliwa, kwa hiyo ndizi tulizila tukiwa tumesimama, mkoba mgongoni.

Saa mbili tulikuwa tumeanza kurudi. Baiskeli za kukodi zilianza kutupita, na swala walishahamia vivulini.