Nilivyowakinga wageni wangu dhidi ya mbu wa mchana na wa usiku mjini Mombasa

Mgeni anayeteremka Mombasa kutoka bara huulizwa mapema kama ana chandarua, na akijibu kwamba anacho, habari ya mbu huwa imekwisha. Kwa maoni yangu huwa imefika nusu tu. Chandarua humkinga aliyelala, nacho ni silaha kubwa dhidi ya Anofelesi, mbu aenezaye malaria, kwa kuwa huyo huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Lakini mji wetu una mbu mwingine, Aedesi, mweusi mwenye madoa meupe na miguu yenye pete nyeupe, ambaye huuma mchana kweupe, hasa saa za mwanzo za asubuhi na tena kuanzia alasiri mpaka jua kuchwa. Huyo ndiye aenezaye homa ya dengi, iliyosambaa Mombasa mwaka 2013 na kurudi tena katika miaka iliyofuata, na chikungunya, iliyotuangukia mwishoni mwa mwaka 2017 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2018, wakati ambapo mtaani kwetu Kuze watu wenye nguvu zao walikuwa wakishika ukuta ili waweze kushuka ngazi.

Mambo hayo ndiyo niliyokuwa nayo akilini mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Limuru kuniarifu kwamba angeleta familia yake likizo ya Disemba. Mkewe, wifi yangu, alikuwa na ujauzito wa miezi mitano, na binti yao alikuwa na umri wa miaka minne. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa baridi ile malaria haienei, kwa hiyo mtu aliyezaliwa na kukulia huko hana kinga mwilini anaposhuka pwani. Hata mdogo wangu, aliyekulia hapa, kinga aliyokuwa nayo imepungua kwa miaka ya kukaa mbali. Mjamzito yuko hatarini zaidi, maana malaria yaweza kumpunguzia damu vibaya, kuharibu mimba au kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Nilimwambia, "Ndugu yangu, kabla hujakata tiketi za treni, mpeleke wifi kwa daktari, nawe na mtoto mwende pamoja naye." Walikwenda, na kila mmoja akapewa dawa ya kuzuia malaria inayomfaa, kwa kuwa doksisaiklini aliyopewa mdogo wangu, ambayo humezwa hadi wiki 4 baada ya kuondoka eneo la malaria, haipewi mjamzito wala mtoto wa umri ule. Dawa hizo huzuia malaria peke yake. Kwa dengi na chikungunya hawakuwa na kidonge cha kumeza, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Nilianza na maji. Maji ya mfereji hayaji kila siku katika nyumba zetu. Yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na yakikatika tunanunua mitungi ya lita 20 kwa wachuuzi wa mikokoteni. Kwa sababu hiyo kila nyumba ina akiba yake: birika la mawe chooni katika nyumba za kale, mapipa ya plastiki jikoni, tangi juu ya paa. Aedesi hana haja na maji ya mtaro. Yeye hupenda maji masafi yaliyotulia karibu na watu, yaani akiba yetu hiyohiyo. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa yakingoja maji yapande. Kwa joto la hapa, yai hugeuka mbu anayeruka kwa muda wa siku 7 hadi 10, hivyo chombo kinachooshwa vizuri kila wiki hakimpi nafasi ya kukamilisha safari yake.

Neno "vizuri" lina uzito hapo, kwa kuwa kumwaga maji bila kusugua huyaacha mayai mahali pake. Wiki kadhaa kabla ya wageni kufika nilikuwa nikiosha vyombo vyote kila Ijumaa asubuhi, kwa makumbi ya nazi na sabuni ya kipande. Pipa la jikoni lilikuwa na mstari kama wa masizi pale maji yalipokuwa yakifika, na nilipoumulika kwa tochi ya simu niliona vijipunje vyeusi, virefu kidogo, vimeshikamana na plastiki kimoja kimoja. Niliusugua mstari ule mpaka kidole changu kikawa hakihisi mkwaruzo wowote, nikasuuza, kisha nikafunika mdomo wa pipa kwa kipande cha leso kuukuu kilichobanwa kwa mpira, na kifuniko juu yake. Birika la mawe haliwezi kumwagwa lote kila wiki bila kupoteza maji ya thamani, kwa hiyo nililitengenezea fremu ya mbao yenye wavu wa dirishani, inayoinuliwa tunapochota na kurudishwa papo hapo. Baada ya hapo niliviwinda vyombo vidogo, na hivi ndivyo watu wengi huvisahau: trei iliyo nyuma ya friji, visahani vilivyo chini ya vyungu vya maua, bomba la kiyoyozi linalochuruzika, na vifuu vya nazi vilivyotupwa uani, ambavyo mvua ya vuli ikivikuta vimetazama juu huwa mabirika madogo ya kutosha kabisa kulea mbu.

Nyumba yangu peke yake isingetosha. Aedesi haruki mbali, mara nyingi huishia mita 100 hivi kutoka alipozaliwa, lakini katika Mji wa Kale umbali huo una nyumba za watu wengi. Nilimwendea jirani yangu, mzee ninayemheshimu kama baba, ambaye ana mapipa uani na alikuwa pia na tairi za tuk-tuk za mjukuu wake. "Mwanangu," aliniambia, "maji haya nimeyanunua kwa pesa, ni ya kunywa. Mbu wako mtaroni." Nilimwomba ruhusa nikafunua pipa. Viluwiluwi vilikuwa vimening'inia usoni pa maji, vichwa chini na mikia juu. Kivuli cha mkono wangu kilipopita vyote vilijikunja na kuzama kwa kupiga mbizi, kisha vikapanda tena taratibu kimoja baada ya kingine kuja kuvuta hewa. Mzee alitazama kwa muda mrefu bila kusema, halafu akamwita mjukuu na kumwamuru aziondoe tairi siku ile ile. Nasadiki kwamba pipa lile lilifanya kazi ambayo hotuba yangu isingeifanya. Wale mbu wa mtaroni aliokuwa akiwasema nao wapo, ndio wanaotuvumia masikioni usiku na kueneza matende, na kwa ajili yao nilifunga wavu kwenye bomba la hewa la shimo la choo.

Kwa upande wa usiku nilikuwa na urahisi wa kitanda cha samadari chenye nguzo nne, kwa sababu chandarua kikining'inizwa kwa nje ya nguzo, kitambaa hakimgusi anayelala. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyodhaniwa, kwani mkono au goti likiegemea kitambaa, mbu huuma kupitia matundu. Dawa iliyomo ndani ya nyuzi hupunguza hatari lakini haiiondoi yote. Chandarua kipya chenye dawa nilikianika kivulini kwa saa 24 kabla ya kukitundika, na si juani, maana jua huiharibu dawa. Kila jioni nilikishusha kabla ya adhana ya magharibi, nikakichomeka chini ya godoro pande zote, kisha nikapitisha tochi ndani kuhakikisha hakuna aliyetangulia kuingia. Nguo zilizotundikwa msumarini niliziondoa chumbani kabisa, kwa kuwa mbu hupenda kupumzika katika mikunjo yake. Feni iliwashwa usiku kucha ikielekezwa kitandani, kwani mbu si mrukaji hodari na upepo humshinda, tena hutawanya hewa tunayopumua na harufu ya mwili, ambazo ndizo humwongoza.

Dawa ya kujipaka ilihitaji mafundisho zaidi ya yote. Nilinunua ile yenye DEET, kemikali inayofukuza mbu, ya asilimia 30, ambayo ni salama kwa mjamzito na kwa mtoto wa miaka minne ikitumiwa kama ilivyoelezwa, na ambayo hudumu saa kadhaa bila kupakwa tena. Hupakwa kwenye ngozi iliyo wazi tu, si chini ya nguo. Mtoto hapaswi kujipaka mwenyewe; mkubwa huimimina kiganjani mwake kisha akampaka, akiepuka macho, mdomo na vidole vya mtoto, ambavyo havikawii kuingia kinywani. Mkienda pwani kuogelea, mafuta ya kukinga jua hutangulia, dawa ya mbu ikafuata juu yake. Jambo moja silioni likitajwa katika maelezo ya chupa yoyote, nalo linatuhusu sana sisi wa hapa: udhu huiosha dawa hiyo mikononi mpaka viwikoni na miguuni mpaka vifundoni, na udhu wa alasiri huangukia mwanzoni kabisa mwa saa za Aedesi, ambaye hupenda kuuma vifundo vya miguu kuliko mahali pengine. Niliweka chupa karibu na viatu mlangoni, na kila aliyemaliza kusali alijipaka upya kabla ya kutoka barazani. Kivumbasi nimekipanda uani na udi naufukiza kwa kuwa naupenda, lakini sikumkabidhi wifi yangu kwa harufu hizo. Dawa ya kuchoma yenye moshi niliitumia nje tu, kwa sababu sioni faida ya kumwondolea mtoto mbu na kumjaza moshi kifuani.

Mavazi yetu ya pwani husaidia bila gharama. Kanzu, dera na kikoi ni mapana na marefu, hewa hupita na mbu hapati pa kudunga kwa urahisi kama anavyopata kwenye suruali inayobana. Wifi alivaa madera ya rangi nyepesi na soksi za pamba nyakati za jioni.

Wageni walitaka pia kumwona palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, na kwa Kenya palahala wako katika hifadhi ya Shimba Hills, kwa hiyo tulikwenda huko siku nzima. Huko adui ni mbung'o, nzi anyonyaye damu, na kanuni zake ni tofauti. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Hufuata gari linalotembea, hudunga kupitia nguo nyepesi, na dawa ya kujipaka haimbabaishi sana. Nililiacha buibui langu jeusi nyumbani nikavaa abaya ya rangi ya udongo, nikawataka wote wavae nguo nzito kidogo za rangi kama hiyo, na madirisha ya gari tuliyafunga kila tulipopita vichakani. Mbung'o mmoja aliingia pamoja na dereva aliposhuka kuuliza njia, na aliuawa kwa kandambili kabla hajamfikia mtu. Jioni nyingine tulialikwa chakula upande wa Tudor, karibu na mikoko, ambako maji yakipwa na jua likizama hutoka usubi, wadogo kiasi cha kupita katika matundu ya chandarua cha kawaida. Niliwaomba wenyeji wetu watuandalie mapema, tukala saa kumi na kuondoka kabla giza halijaingia. Walituelewa bila kinyongo.

Mtoto aliondoka Mombasa akiwa na vipele vichache vya kuumwa miguuni, tulivyoviosha kwa sabuni na kuvituliza kwa barafu, kucha zake zikiwa zimekatwa asije akajikuna mpaka vidonda. Wifi sikumwona na alama hata moja. Siku ya safari nilimwandikia kwenye karatasi maneno ya kumwonyesha daktari wa Limuru endapo yeyote angepata homa: kwamba wametoka Mombasa, kwamba damu ipimwe malaria siku hiyohiyo, na kwamba kabla dengi haijaondolewa katika mashaka wasimeze aspirini wala ibuprofeni, ambazo huweza kuongeza kuvuja damu, bali parasetamoli. Malaria huchukua angalau wiki moja tangu kuumwa hadi kujionyesha, na mara nyingi humkuta msafiri kwake, mahali ambapo hakuna anayeifikiria. Walimaliza dawa zao zote na hakuna aliyeugua.

Wameniambia watarudi likizo ya Aprili, mtoto mchanga akiwa nao. Aprili ni masika, na mtoto atakuwa na siku chache tu tangu kuzaliwa; dawa yenye DEET haipakwi mtoto wa chini ya miezi miwili, kwa hiyo nimeshauri wasubiri mpaka Agosti, na hadi wakati huo nitakuwa nimemaliza kuweka wavu kwenye dirisha la ngazi na kununua chandarua kidogo cha kufunika kitanda chake mchana.